Risasi Iingiayo Pasipo Mlio

 Leo twataka kuzungumza nanyi habari za kitu ambacho wengi wenu mmekwisha kukishika mkononi, nacho ni risasi. Katika lugha yetu neno hili lina maana mbili. Kwanza ni madini laini, mazito, yenye rangi ya kijivu, na jina lake tumelipata kwa Waarabu. Pili ni kile kitokacho katika mdomo wa bunduki. Wazee waliotumia neno moja kwa vitu viwili hawakukosa, maana kitu cha pili kilifanywa kwa kile cha kwanza. Lakini twataka kuwaonyesha ya kuwa risasi yaweza kumdhuru mtu hata kama haikutiwa katika bunduki. Huingia mwilini pasipo mlio wala jeraha, na mwenye kuingiwa hana habari.

Watu wa Unyamwezi waliijua risasi tangu zamani. Siku za misafara, wapagazi walitoka Bagamoyo, wakapita Ugogo, wakafika Tabora, na wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Katika mizigo yao mlikuwa nguo, ushanga na masango, na pia bunduki, baruti na risasi. Na waliporudi pwani walichukua pembe za ndovu. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu mwaka 1871 hata mwaka 1875, alikuwa na ruga-ruga wengi wenye bunduki za kushindiliwa kwa mdomo. Misafara ilikwisha, na reli ikafika Tabora mwaka 1912. Lakini gobori halikwisha, wala ufundi wa kuyeyusha risasi haukwisha.

Ufundi huu wapendwa kwa sababu ni mwepisi. Chuma hakiyeyuki mpaka moto upate digrii 1538, na shaba digrii 1085. Bali risasi huyeyuka kwa digrii 327 tu. Moto wa makaa wa jikoni watosha. Tena risasi ni nzito kupita maji mara 11, basi huzama upesi. Kwa hiyo mvuvi wa Malagarasi au wa ziwa la Tanganyika huitaka kwa chubwi ya mshipi na kwa kuzamisha wavu. Mwashi huitaka kwa timazi. Mwenye gobori huitaka kwa vidonge vyake. Na fundi wa redio huitumia katika lehemu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ni risasi iliyochanganywa na bati. Na siku hizi iko tele, kwa kuwa betri za magari, na betri nyingi za taa za jua zilizowekwa vijijini, zina mabamba ya risasi ndani yake. Betri ikifa, mtu huivunja akatoa mabamba, akayayeyusha.

Tuseme yuko mtu mmoja katika kata ya Lusu, wilaya ya Nzega. Mtu huyu hatumtaji jina, kwa kuwa ni mfano tu. Mchana hulima mpunga na pamba. Jioni, kwa kujifurahisha na kwa kupata senti kidogo, huvunja betri kuukuu chini ya mwembe ulio uani, akayeyusha risasi katika sufuria, akaimimina katika vitundu alivyovichimba katika udongo. Asubuhi mkewe hufagia uwanja, na vumbi likapanda. Mwanawe wa miaka miwili hucheza papo hapo, akatia vidole kinywani. Mwanawe wa pili, wa miaka tisa, huketi karibu na kuchochea moto. Mtu huyu ni baba mwema. Hapendi kuwadhuru watoto wake. Wala haoni ubaya wowote, maana risasi haina harufu ya kutisha, wala haichomi ngozi kama maji ya betri.

Sasa tutazame jinsi risasi inavyoingia mwilini. Kipande kizima cha risasi kikishikwa kwa mkono hakipenyi katika ngozi kwa kiasi cha maana. Lakini huacha unga mwembamba juu ya vidole, na mkono huo huo hushika tonge la ugali au sigara. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, yaani kinywa. Wavuvi wengine hubana chubwi kwa meno, na wawindaji wengine huweka vidonge shavuni. Hao huimeza bila kungoja chakula. Njia ya pili ni pumzi. Risasi ikizidi kupashwa moto hutoa moshi usioonekana vema, na juu yake huelea utando wa kijivu ambao ukikauka huwa vumbi. Tena ndani ya betri, juu ya mabamba, mna unga wa risasi uliokwisha kuliwa na maji makali. Unga huo ni mbaya kuliko kipande kizima, kwa sababu huruka kwa upepo, na tumboni huyeyuka kwa urahisi.

Watu wote hawaingiwi sawasawa. Mtu mzima akimeza sehemu kumi za risasi, yapata moja huingia katika damu na nyingine hutoka chooni. Mtoto mdogo akimeza zile kumi, nne au hata tano huingia. Tena mtoto hutambaa na kucheza chini, palipo na vumbi, na ubongo wake ungali ukijengwa. Kwa hiyo baba ndiye ashikaye risasi, lakini mtoto ndiye aumiaye zaidi.

Ikiisha kuingia, risasi hujifanya kama chokaa ijengayo mifupa, na mwili hudanganyika ukaipokea. Kwa mtu mzima, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za risasi yake hukaa mifupani, nayo yaweza kukaa huko miaka kumi, ishirini, au zaidi. Mwanamke aliyeingiwa na risasi utotoni, akija kushika mimba, mifupa yake hutoa chokaa kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo ikamfikia mtoto tumboni. Iliyobaki katika damu huzuia kazi ya kutengeneza damu mpya, hudhuru figo, hupandisha nguvu ya damu katika mishipa, na hulegeza mishipa ya fahamu hata mtu aweza kushindwa kuinua kiganja cha mkono. Kwa mtoto, huharibu ubongo. Ikiwa nyingi, huleta kifafa na kifo. Ikiwa kidogo, hupunguza akili na utulivu, na hasara hiyo hairudi.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Dalili za sumu hii hazina alama yake peke yake. Mtu huumwa na kichwa, huchoka, tumbo humsokota, choo hufunga, damu hupungua. Nani katika nchi yetu asiyezijua dalili hizi? Akienda zahanati atapimwa malaria, naye labda ana malaria kweli, maana ugonjwa mmoja haufukuzi mwingine. Damu ikipungua, watu watasema ni safura au ni lishe mbaya. Na yule mtoto wa miaka tisa akiwa hakumbuki masomo wala hatulii darasani, mwalimu atamwita mvivu, na pengine atamchapa. Atachapwa kwa kosa la sufuria ya baba yake.

Mambo haya si ya kubuni. Katika mji wa Mombasa uko mtaa uitwao Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi karibu na nyumba za watu. Bibi Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, na mtoto wake mchanga, aliyekuwa akinyonya, aliugua. Alitibiwa malaria, akatibiwa na homa ya matumbo, asipone. Hata damu yake ilipopimwa risasi, ndipo ugonjwa ulipojulikana. Mama huyo aliacha kazi akawatetea majirani zake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufani ikaitengua hukumu hiyo, na mwezi wa Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Tazameni basi: kesi nzima ilianzia katika damu kidogo ya mtoto mmoja.

Jambo la pili lawahusu zaidi watu wa Lusu, kwa kuwa nchi yao ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Golden Pride ulikuwapo Lusu hapo mpaka ulipofungwa, na wachimbaji wadogo wanajulikana sana katika wilaya ya Nzega. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, wanavijiji walipeleka mawe ya dhahabu nyumbani, wakayasaga kwa mashine zisagazo nafaka, na vumbi likajaa nyuani. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Hatusemi ya kuwa kila jiwe la dhahabu lina risasi. Twasema ya kuwa vumbi la mawe lisiletwe mahali watoto wanapokula na kulala, na mashine ya unga isisage mawe.

Sasa labda mtu atauliza, "Nami nitajuaje kama nina risasi mwilini?" Jibu ni moja tu: kwa kupima damu. Kutazama macho hakutoshi, wala kutazama ufizi, wala kipimo cha malaria, wala kipimo cha wingi wa damu. Ni kipimo chake peke yake, nacho sharti kiombwe kwa jina.

Kipimo hiki huhesabiwa kwa mikrogramu katika desilita moja ya damu. Msiogope maneno hayo. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 ya kwamba mtu akionekana na mikrogramu 5 katika desilita, yapasa kutafuta risasi yatoka wapi na kuizuia. Je, 5 ni kiasi gani? Mtu mzima ana damu yapata lita tano, yaani desilita 50. Tano mara hamsini ni mikrogramu 250. Mkiikusanya risasi hiyo yote pamoja, ni chembe ndogo kuliko punje ya ulezi. Chembe hiyo, ikitapakaa katika damu yote, yatosha kumfanya daktari aulize maswali. Na Shirika hilo lasema ya kuwa hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa hakina madhara. Mtoto akifika 45, Shirika lashauri apewe dawa za kuivuta risasi itoke kwa mkojo. Dawa hizo zina nguvu na hatari zake, hutolewa na daktari tu. Tena hazifai kitu ikiwa mtoto atarudi kucheza katika vumbi lile lile.

Damu huweza kuchukuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchoma kidole na kupata matone machache; ni rahisi, nayo iko mitambo midogo inayotoa jibu kwa dakika chache. Lakini ina mtego. Ikiwa kidole kina unga wa risasi, tone la damu litachukua unga huo, na jibu litakuwa kubwa kuliko kweli. Kwa hiyo mtu sharti anawe mikono vizuri kwa sabuni na maji mengi kabla ya kuchomwa. Kupanguswa kwa spiriti tu hakutoshi. Njia ya pili ni kuchukua damu katika mshipa wa mkono na kuitia katika kichupa kisicho na risasi, ikapelekwa maabara. Jibu la kidole likiwa kubwa, lithibitishwe kwa damu ya mshipa kabla ya kutoa dawa.

Yafaa pia kujua kipimo hiki chasema nini na hakisemi nini. Damu hueleza hasa habari za siku za karibuni. Mtu akiacha kushika risasi, kwa muda wa mwezi mmoja hivi nusu ya ile iliyo katika damu hupungua. Lakini aliyeishika miaka mingi hupungua polepole zaidi, kwa kuwa mifupa huirudisha damuni kidogo kidogo. Basi kipimo kimoja ni kama kuchungulia chumbani mara moja mlango ukiwa wazi. Hujui yaliyotukia jana wala yatakayotukia kesho. Ni vema mtu apime kabla ya kuanza msimu wa kazi, apime tena baada ya mwezi mmoja au miwili, na kuandika hesabu zote katika daftari. Zikipanda, kazi yake ina kasoro. Zikishuka, amefanya vema.

Mtu aliyeajiriwa kiwandani anayo sheria ya kumlinda. Katika Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yataka wafanyakazi wapimwe afya zao, na uko Wakala wa serikali wa kuisimamia. Lakini yule ayeyushaye risasi chini ya mwembe wake hana bwana wa kazi. Hakuna atakayemwita akapimwe; sharti ajiite mwenyewe. Zahanati ya kijiji haikuwekewa mtambo wa kazi hii. Basi na aende hospitali ya wilaya Nzega, au Kitete mjini Tabora, amweleze daktari wazi, "Nashika risasi nyumbani, na watoto wangu huwa karibu. Nataka damu zetu zipimwe risasi. Tupelekeni au tuelekezeni penye maabara yake." Neno hilo moja, "nashika risasi," ni nusu ya matibabu, maana daktari asiyeambiwa hawezi kubahatisha. Na asijipime peke yake. Awapeleke kwanza watoto wadogo, na mkewe kama ana mimba.

Wako watakaosema, "Sisi hunywa maziwa, nayo husafisha sumu." Maziwa ni chakula chema sana, nasi twawasifu wafugaji wa Nzega kwa ng'ombe wao. Mtu aliyeshiba, mwenye chokaa na chuma cha kutosha mwilini kwa maziwa, dagaa, maharage na mboga za majani, huingiwa na risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Lakini maziwa hayaitoi risasi iliyokwisha kuingia. Anywaye maziwa kisha akaendelea kufagia vumbi la betri ni kama mtu atekaye maji kwa pakacha.

Sasa turudi kwa yule mtu wa Lusu. Afanyeje? Betri asivunje kamwe. Auze zima kama ilivyo kwa wanunuzi wenye ruhusa. Akitaka kitu cha kuzamisha wavu, mawe yaliyotobolewa na udongo uliochomwa hufanya kazi, nao hauna sumu. Ikiwa hana budi kuyeyusha risasi safi, afanye mbali na nyumba, mahali pa wazi, akisimama upande upepo unakotoka, na moto usizidi haja. Watoto na wenye mimba wasikaribie. Sufuria ya kazi hiyo isirudi jikoni hata siku moja, hata ikioshwa mara saba. Maji yasiingie katika risasi iliyoyeyuka, maana hulipuka na kumrushia mtu moto usoni. Asile wala asivute sigara akiwa kazini. Akiisha, alowanishe vumbi kwa maji kabla ya kulizoa, wala asilifagie kavu. Avue nguo za kazi huko huko, zifuliwe mbali na nguo za watoto. Anawe mikono na uso kwa sabuni ndipo ambebe mwanawe. Na mwindaji mwenye kibali, akipiga mnyama kwa risasi, akate na kutupa nyama yote iliyo karibu na jeraha, maana vipande vidogo hutawanyika mbali kuliko jicho lionavyo.

Mtu asidhani ya kuwa shauri hili ni zito lisilowezekana. Kwa miaka mingi petroli ya magari mengi duniani ilitiwa risasi, na kila mpita njia aliivuta. Watu walipopima damu waliona hasara yake, wakaiacha nchi moja baada ya nyingine. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha kufika mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho, Algeria, mwaka 2021. Damu za watoto zilipopimwa tena, hesabu zilikuwa zimeshuka. Basi kama dunia nzima imeweza kuitoa katika petroli, haishindikani baba mmoja kuitoa katika uwanja wake.

Risasi ya bunduki yaonekana ilikopita, na mwenye kupigwa hukimbizwa kwa daktari. Hii ya vumbi haiachi tundu. Wanafunzi mnaosoma maneno haya, wasomeeni wazazi wenu jioni, kwa adabu, barazani. Na wewe baba unayesikiliza, kabla ya kuwasha moto wa kesho, tazama ni nani aketiye karibu nawe.